Sekunde 5 nje ya mlango

Nyayo ndizo nilizoziona kwanza. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 29 Juni 2020, saa 10 jioni. Nilifungua mlango wa nyumba ninayopanga hapa Njiro, Arusha, nikakuta sakafu ya marumaru imejaa alama za miguu ya mbwa, mbichi, zinang'aa, kana kwamba kuna mtu aliyemwaga maji Popi akayakanyaga. Zilitoka mlangoni hadi dirishani, zikarudi mlangoni, zikaenda tena dirishani. Lakini ndoo ya maji ilikuwa palepale na kifuniko chake, na bakuli lake la kunywea lilikuwa limejaa kama nilivyoliacha asubuhi.

Halafu nikaona fremu ya mlango. Upande wa ndani, kuanzia usawa wa kitasa kushuka chini, mbao ilikuwa imeparurwa hadi imebaki nyeupe. Vibanzi vilitapakaa sakafuni, na viwili vitatu kati ya hivyo vilikuwa na damu. Popi mwenyewe alinirukia, akanilamba viganja, anatweta huku udenda umemlowesha kifua kizima.

Nilivua kandambili nikampiga mgongoni, mara mbili. Akajikunja chini ya meza, masikio nyuma, macho pembeni, nami nikaamini kwa moyo wote kwamba anajua alichokifanya na kwamba alikifanya makusudi kwa sababu nilimwacha. Naandika haya kwa sababu najua wako wengi wanaoamini hivyo leo, na mbwa wao wanapigwa jioni hii kwa kosa ambalo hawana.

Mimi ni mwalimu. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, hapahapa Arusha, na kesho yake Serikali ikatangaza kufunga shule. Mwezi wa nne mwanzoni, mwalimu mwenzangu aliniletea mtoto wa mbwa wa kienyeji, kahawia, mkia umepinda, ana kama wiki nane. Nikamwita Popi. Kwa miezi karibu mitatu hatukuachana. Nikipika yuko miguuni. Nikifua yuko kando ya beseni. Nikienda bafuni analala mlangoni na pua yake kwenye upenyo. Aliniganda kama ruba, nami nilifurahi, maana siku zile zilikuwa za upweke. Shule zikafunguliwa tarehe 29 Juni, nikavaa, nikafunga mlango saa 12 na nusu asubuhi, nikaenda. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kubaki peke yake hata robo saa.

Sikuweza kumwacha uani. Kiwanja chetu kina wapangaji wanne, na familia moja ni Waislamu wanaoswali barazani. Mate ya mbwa kwao ni najisi, na niliona ni wajibu wangu kulinda baraza yao kama ninavyolinda sebule yangu. Kwa hiyo Popi alikuwa wa ndani.

Siku ya tatu jirani wa mlango wa pili alinigongea jioni. Hakuja kwa shari. "Mwalimu," aliniambia, "huyu mbwa ukiondoka tu analia. Analia kama mtoto aliyepotea sokoni. Mimi nina mtoto mchanga, namsikia siku nzima, roho inaniuma." Neno hilo lilinizuia usingizi. Mbwa mwenye jeuri angetafuna akashiba akalala. Huyu alikuwa analia siku nzima.

Jumamosi niliegemeza simu yangu ya zamani kwenye kopo la unga wa uji, nikawasha kamera, nikatoka na mkoba wangu kama ninakwenda kazini. Nilikaa kibandani kwa muuza mboga kwa saa moja. Niliporudi niliitazama video yote, na tangu siku ile sijamnyanyulia mkono.

Kwa sekunde 50 za kwanza alisimama tu, pua chini ya mlango. Kisha akapiga miayo. Akalamba midomo. Akapiga miayo tena. Dakika ya pili akaanza kutembea, mlango na dirisha, mlango na dirisha, mkia chini, na kila alipopita aliacha alama mbichi kwenye marumaru. Nikasimamisha video nikaikuza. Zilikuwa nyayo zake mwenyewe. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi; jasho lake hutoka kwenye nyayo, na akishikwa na hofu hulowa kama viganja vya mwanafunzi anayesubiri kuitwa mbele. Dakika ya nne akainua kichwa akatoa mlio mrefu ambao sikuwahi kuusikia kwake. Dakika ya 11 akaanza kuparura fremu. Hakuparura kwa hasira. Alichimba kama anayetaka kutoka kwenye nyumba inayoungua. Dagaa niliomwekea sakafuni, chakula anachokipenda kuliko vyote, hakuugusa.

Nilianza kusoma. Nilichokikuta kuhusu ule uso wa chini ya meza kiliniumiza zaidi. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtafiti wa akili za mbwa katika Chuo cha Barnard, New York, alichapisha jaribio alilolifanya na mbwa 14. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake kula kipande cha chakula, kisha akatoka chumbani. Akirudi, mara nyingine aliambiwa mbwa amekula wakati hakula, mara nyingine aliambiwa hakula wakati amekula. Uso wa "nimekosa" ulitokea pale mwenye mbwa alipofoka, awe mbwa amekula au hajala. Tena ulionekana zaidi kwa mbwa waliofokewa bila kosa. Popi chini ya meza alikuwa ananiogopa mimi na kandambili yangu, basi. Siku nzima alisubiri nirudi, na niliporudi nikawa tishio lingine.

Kuna jambo nalifikiria mara kwa mara kuhusu mbwa wa kwa bibi yangu, Marangu. Kule kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, chini ya migomba, sikumbuki mbwa hata mmoja aliyewahi kutafuna mlango. Watu husema ni kwa sababu mbwa wa kijijini hadekezwi. Mimi siamini hivyo. Mbwa wa bibi alikuwa hachezewi wala habebwi, ni kweli, lakini pia alikuwa haachwi. Bibi akienda mtoni, mjomba yuko kwa ng'ombe. Mjomba akienda sokoni, watoto wako uani. Wote wakienda kanisani, mbwa anaweza kuwafuata hadi njia panda akarudi mwenyewe kwa hiari yake, na jirani yuko upande wa pili wa mfereji. Hakuna mlango uliofungwa kati yake na watu. Sisi ndio tuliomchukua mnyama huyo, aliyeishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, tukamfungia chumbani kwa saa tisa, kisha tukashangaa.

Na uhusiano huo si wa kufikirika. Mwaka 1998 József Topál na wenzake wa Budapest walichukua jaribio ambalo Mary Ainsworth alilibuni kwa watoto wadogo na mama zao, la mama kutoka chumbani na kurudi, wakalifanya kwa mbwa 51 na wenye mbwa hao. Mbwa waliwatafuta na kuwapokea watu wao kwa namna inayofanana na ya watoto. Kwa hiyo mtu akiniambia "umemdekeza, ndiyo maana," huwa namjibu kwamba mapenzi hayakumharibu Popi. Alichokosa ni somo. Hakuna aliyemfundisha kwamba mtu akitoka hurudi.

Kabla ya somo nilijaribu njia za mkato, na ni vema niziseme kwa sababu ndizo kila mtu hukushauri. Fundi seremala alinitengenezea kizimba kizuri cha mbao na wavu. Popi alikuwa anaingia mwenyewe kula na kulala nikiwepo, nikadhani tumemaliza. Siku niliyomfungia na kuondoka aling'oa ukucha kwenye wavu. Kizimba kinaweza kuwa kitanda kizuri kwa mbwa asiye na hofu hii. Kwa mwenye hofu ni kumfungia ndani ya hofu yenyewe. Nikakigawa. Kisha nikaazima mbwa wa jirani, mpole, mwenye umri, aje akae naye. Kamera ilionyesha yule mgeni amelala usingizi mzito katikati ya sebule huku Popi akilia juu yake. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1996 watafiti wa Marekani walikuwa wamepima homoni ya wasiwasi kwa mbwa waliokaa banda moja wawili wawili kwa miaka. Walipowapeleka mahali pageni, kuwa na mbwa mwenzake hakukuishusha homoni hiyo. Kuwa na binadamu wanayemjua kuliishusha. Popi alikuwa amekosa mtu, na mtu haazimwi kwa mbwa.

Daktari wa mifugo aliyemtazama alianza na mwili: masikio, meno, tumbo, mkojo. Alifanya sawa. Mbwa mwenye maumivu au anayekojoa ndani kwa ugonjwa anaweza kuonekana kama mwenye hofu ya kuachwa, na mbwa mzee aliyeanza kupoteza kusikia naye huweza kuanza kuganda watu ghafla. Popi alikuwa mzima. Nikauliza kuhusu dawa. Zipo. Marekani waliidhinisha clomipramine kwa mbwa wenye hofu hii mwaka 1998 na fluoxetine mwaka 2007, na zote huhitaji wiki kadhaa kufanya kazi, tena zikiambatana na mafunzo. Kwa mbwa aliyezidiwa kiasi cha kujiumiza kila siku, dawa ni huruma, na hakuna aibu yoyote ndani yake. Lakini ni ya daktari kuandika na kupima kwa uzito wa mbwa. Kidonge cha binadamu kutoka kabatini usikithubutu. Tulikubaliana tuanze na mafunzo, tukikwama turudi.

Sharti la kwanza la mafunzo ndilo gumu kuliko yote, na wengi hushindwa hapo: wakati unamfundisha, asiachwe peke yake hata siku moja zaidi ya anavyoweza. Kila hofu kubwa inafuta kazi ya wiki. Mimi kazini lazima niende. Nilimwendea bibi mmoja mpangaji wa chumba cha nyuma, anayekaanga maandazi na kuyauza getini. Nilimwambia, "Shikamoo bibi, nina shida na mbwa wangu." Alinisikiliza hadi mwisho akasema, "Mlete. Na mimi nakaa peke yangu." Basi asubuhi nilimpeleka Popi kwa bibi, akafungwa kamba ndefu kwenye mguu wa kiti cha pili kando ya bibi, mbali na jiko, na jioni nikamchukua. Mimi nikawa nachota maji ya bibi na kumletea mkaa. Kama huna bibi wa namna hiyo, tafuta ndugu, shemeji, kijana wa jirani aliyemaliza shule. Mafunzo bila mtu huyo ni kujaza pakacha maji.

Jioni tukaanza somo, dakika 20 tu.

Wiki ya kwanza sikutoka kabisa. Kamera ilikuwa imenionyesha kwamba hofu ilianza kabla sijafika mlangoni. Nikichukua funguo, masikio yake yanalala. Nikifunga kamba za viatu, anaanza kutetemeka mapaja. Nikibeba mkoba wa shule, ameshaanza kutweta. Kama kengele ya chakula inavyomtoa mbwa mate, funguo zangu zilikuwa zimekuwa kengele ya msiba. Kwa hiyo niliziondolea maana. Nilichukua funguo nikaenda kumenya vitunguu. Nilivaa viatu nikakaa kitako kusahihisha madaftari. Nilibeba mkoba nikazunguka meza nikautundika. Nilirudia mara kumi, mara kumi na tano kwa jioni moja, bila kumsemesha. Siku ya sita nilitikisa funguo, Popi akafungua jicho moja, akalifunga.

Pembeni ya hilo nilimfundisha mkeka. Nilitandika kipande cha mkeka kona ya sebule, na kila alipolala juu yake akapata dagaa mmoja mdomoni. Kisha dagaa baada ya kukaa kidogo. Kisha dagaa nikiwa jikoni na yeye yuko mkekani, haniangalii miguu. Kuganda si ugonjwa, lakini mbwa asiyeweza kukaa hatua nne mbali na wewe ndani ya nyumba moja hawezi kukaa upande wa pili wa ukuta.

Kisha mlango. Nilitoka, nikafunga, nikahesabu sekunde 5, nikarudi, nikakaa kama hakuna kilichotokea. Mara ya pili sekunde 8. Kisha 3. Kisha 12. Kisha 6. Muda usipande kama ngazi, maana mbwa hujifunza haraka sana kwamba kila safari ni mbaya kuliko iliyopita. Muda upande na kushuka, naye asijue. Kila jioni nilikuwa nimesimama pale nje, mgongo ukutani, simu mkononi nikitazama video ya ndani, na watoto wa kiwanja wakiniuliza, "Mwalimu, umefungiwa nje?" Nilichokuwa natafuta ni ule mwayo. Mwayo wa kwanza, au kulamba midomo, ndio mwisho wa uwezo wake wa siku hiyo. Ukisubiri hadi alie umechelewa. Akipiga mwayo sekunde ya 40, mara inayofuata unarudi sekunde ya 20.

Wengi hushauri usimuage mbwa, umpuuze kabisa ukitoka na ukirudi. Mimi nilijaribu nikaacha. Kumfariji mbwa mwenye hofu hakumfundishi kuogopa. Nilikuwa namwambia "baki, Popi," kwa sauti ile ile ya kila siku, nikatoka. Alihitaji kujua kwamba natoka. Kumtoroka kwa kunyata kulimfanya azidi kunichunga.

Dagaa ukawa kipimo changu. Nilichukua taulo kuukuu, nikatandaza dagaa juu yake, nikalikunja na kulifunga fundo moja legevu, nikamwachia. Mbwa anayefungua taulo na kula hajavuka mpaka wa hofu. Siku aliyoliacha taulo kama lilivyo nilijua nimeharakisha. Lakini chakula si dawa yenyewe: kuna mbwa watakaokula hadi cha mwisho, kisha wakaanza kulia taulo likiisha, kwa hiyo kamera iendelee. Na uangalie unachoweka. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwa mbwa, na mifupa iliyopikwa hupasuka ikawachoma ndani.

Katikati ya Agosti tulifika dakika 10. Hapo tulikwama siku tisa mfululizo, nikalia, nasema kweli, nikiwa nimekaa kwenye ngazi. Mwishoni mwa Septemba tulifika dakika 40, na baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mbwa wengi wenye tatizo hili huanza kuvurugika ndani ya nusu saa ya kwanza. Akiivuka akiwa ametulia, kutoka dakika 40 hadi saa moja na nusu ni hatua fupi kuliko kutoka sekunde 10 hadi dakika moja. Oktoba mwishoni Popi alikaa saa mbili, amelala, mkia juu ya pua.

Novemba mvua za vuli zilikuja na radi. Umeme ulikatika mchana wa Jumapili moja nikiwa dukani, radi ikapiga karibu, na niliporudi sakafu ilikuwa na nyayo zile zile mbichi. Nilirudi sekunde 30. Safari hii ilichukua wiki mbili, si miezi mitatu, kwa sababu alichokijua hakikupotea, kilifunikwa tu. Likizo ya Desemba sikukosea kama mwanzo. Nilikuwa nyumbani, lakini kila siku nilitoka saa moja au mbili, hata kama sina pa kwenda, nikakaa kwa muuza mboga. Januari shule zilipofunguliwa hakulia.

Hata leo simwachi siku nzima bila mtu. Saa tisa ni nyingi kwa mnyama yeyote mwenye kibofu na moyo. Alfajiri tunatembea nusu saa, na simharakishi. Namwacha anuse kila kichaka anachotaka, kwa sababu kunusa humchosha vizuri kuliko kukimbia. Saa 7 mchana bibi humfungulia, humtoa nyuma akojoe, humpa maji, hufunga. Kwenye video naona anavyokwenda mlangoni nikiondoka, ananusa upenyo mara moja, anarudi mkekani, anazunguka mara mbili na kujibwaga kwa pumzi ndefu. Nikirudi huwa ninavua viatu na kukanyaga marumaru kwa soksi. Ni makavu.

Fremu ya mlango nililipa, fundi akaibadilisha. Wiki ya kwanza ambayo Popi alibaki peke yake siku zote tano, Ijumaa jioni nilimkuta bibi getini na beseni lake la maandazi, kile kiti cha pili kiko pembeni yake kama zamani, na kipande cha kamba bado kimefungwa mguuni. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, akatazama nyuma yangu, akauliza, "Mwalimu, kwani siku hizi humleti?"

Kwa hiyo Jumatano Popi huenda kwa bibi.